Jina Nililolitia Katika Wimbo wa Bisharo

Eddo,

Amani ya Mungu ikufikie huko uliko. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha mara mbili tangu uzikwe, na yule mbuzi wako mwenye pembe moja bado anakula nguo za watu kwenye kamba. Jana amekula shela yangu ya kijani. Nilimtukana, kisha nikakumbuka kwamba ni wako, nikamwomba radhi. Ndipo nilipofika, shangazi yangu. Naomba radhi kwa mbuzi.

Nyumba yako hapa Waberi nimeiacha kama ilivyokuwa, rangi zako kwenye makopo, brashi zimekauka. Yule twiga uliyemchora ukutani kwa nje yupo. Unakumbuka sheikh alivyokuja kulalamika kuwa unachora viumbe wenye roho, nanyi mkabishana mpaka chai ikapoa, mkakubaliana uwachore bila macho? Basi watoto wa jirani wamemtia macho kwa makaa. Jicho moja liko juu ya jingine. Nilichukua kitambaa niyafute, nikashindwa. Anautazama mlango wako kama anauliza umekwenda wapi.

Wanaokuja kutoa pole wananisimulia habari za majukwaa na redio, kana kwamba ulizaliwa umeshika kipaza sauti. Mimi nawaambia ulianzia kisimani, Habaswein, msichana mwembamba anayewatekea ngamia maji kwa wimbo, kwa sababu ngamia wetu asipoimbiwa hanywi akashiba. Nyimbo zile zilikuwa za babu zetu. Wewe ukaongeza mstari wako mwishoni: ndoo ya mwisho ni ya wasio na mwenyewe. Na ukaimwaga kweli horini, kwa ajili ya swala na twiga na ngiri, wale wanaokuja kunywa watu wakishaondoka. Babu alikuchapa. Kesho yake ukaimwaga tena. Ulikuwa mkaidi, Eddo, tuseme ukweli, na ukaidi huo ndio uliokufikisha kwenye maarusi, kisha redioni, kisha kwenye milango ya malori yote ya maji yanayopita Modogashe, kila mlango na twiga wake asiye na macho. Watu wakakuita Halima Geri, Halima Twiga. Ulijidai hulipendi jina hilo. Na shingo pia ulikuwa nayo.

Mimi ulinichukua nikiwa nimemaliza shule, nikuandikie maneno kwa sababu wewe kalamu hukuifahamu, na niitikie kiitikio. Ulikuwa ukiniita dada: "Abaayo, andika kabla halijaruka," kama neno ni kuku. Nimefundishwa na walimu wengi. Hakuna aliyenifundisha kazi ila wewe.

Sasa naja kwenye lile ambalo hatukulizungumza.

Bisharo alikuwa twiga jike mwenye sikio lililochanika, aliyewazoea watu hata wachungaji walimpigia kelele tu akiwazibia njia. Ulimtungia wimbo. Katika ubeti wa tatu ulisema anakuja kunywa jioni, "majini", basi. Hukusema maji gani. Nami nikauona ubeti uko uchi. Unajua watu wetu: wawili wakikutana njiani, kabla ya jina wanaulizana mvua imenyesha wapi, majani yako wapi, kisima gani kina maji. Wimbo usiotaja mahali tunauona uvumi. Siku ya kurekodi kiitikio ulikuwa Modogashe unapaka lori rangi. Nilisimama peke yangu mbele ya kipaza sauti, na baada ya neno lako "majini" nikaitikia kwa jina la silanga, bwawa lile wanalonyweshea mifugo, nikaona nimefanya kazi nzuri sana. Jina lilikaa ndani ya mdundo kama lilizaliwa humo.

Ulilisikia mara ya kwanza redioni, tumekaa uani tunachambua mchele. Ukaacha kuchambua. Ukaniambia maneno mawili: "Umetaja maji." Mimi nilidhani unanisifu! Wallahi, Eddo, nilitabasamu.

Wimbo ulikuwa umeshaingia kwenye kila lori. Majangili walikuja kwa pikipiki, hawakuuliza njia kwa mtu. Walimkuta Bisharo akinywa, miguu ya mbele ameitanua vile wanavyoitanua, kichwa chini, asiyeweza kukimbia upesi. Mchungaji aliyeuona mzoga ndiye aliyekuja kusema kwamba wimbo wa Halima Geri umeonyesha njia.

Baraza lilipoitishwa nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilijua dakika ile ni yangu. Wewe ukainuka, ukajifunga mtandio vizuri, ukasema kwa kile Kiswahili chako cha mbele ya wakubwa: "Kosa ni yangu. Sauti ni yangu. Msitafute mtu mwingine." Ukakaa. Nami nikaketi pia, mwoga mkubwa, nikashukuru moyoni kwamba hakuna aliyenitazama.

Mwaka mzima hukuimba. Arusi zilipita mlangoni kwako. Siku moja tu nilijaribu kusema, tukiwa jikoni, nikaanza, "Eddo, ile siku ya baraza..." Ukanikata: "Mimi nyimbo zangu zinajulikana. Wewe zako bado. Koroga chai." Nikakoroga chai. Uliporudi kuimba, hukutaja tena mahali popote, na watu wakasema Halima amezeeka, amesahau majina ya maji. Ukawaacha waseme. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ulikubali kuitwa msahaulifu, wewe uliyejua kila kisima toka hapa mpaka Wajir.

Siku ya mazishi yako wanawake tulibaki nyumbani. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Mzee Abdi, unamjua, yule wa kamati ya wafugaji, alipokea chai mkononi mwangu, akasema, "Alikuwa mama mzuri sana. Mungu asamehe yeye ile mambo ya twiga." Alisema kwa huruma. Nikanyamaza tena, Eddo. Ulikuwa hujamaliza hata saa tatu ardhini, na mimi nikakuacha na mzigo wangu hata huko.

Kwa hiyo sikiliza nilichofanya Alhamisi iliyopita.

Wafugaji walikutana kwenye silanga ile ile. Walikuwa wakikubaliana kwamba jioni, mifugo ikishanywa, watu waondoke wawaachie wanyama nafasi. Ndoo yako ile ya mwisho, sasa imekuwa maneno ya mkutano. Wakaniita niimbe wimbo wa Bisharo kwa heshima yako. Nilisimama. Nikasema kwa sauti ambayo hata wewe ungeniambia nipunguze: "Kabla sijaimba. Halima hakutaja maji. Ni mimi niliyetaja, yeye hayupo, bila ruhusa yake. Alibeba kosa langu mpaka kaburini."

Mzee Abdi alichora mchangani kwa fimbo yake, akafuta, akachora tena. Mwishowe akaniambia, "Wewe mtoto umechelewa sana." Ni kweli. Kisha akainua mikono, akakuombea dua upya, ndefu, na safari hii ndani yake hapakuwa na twiga wala msamaha wa twiga. Alipomaliza akajipangusa uso, akasema, "Haya. Imba."

Nikaimba. Kiitikio watu wanakijua kwa moyo, hata watoto, waliitikia kwa nguvu mpaka mbuzi wakakimbia. Tulipokaribia ubeti wa tatu nikaingiwa na hofu, kwa sababu siwezi kulifuta jina kutoka vinywani mwa watu. Nilipofika pale penye jina nikafunga mdomo, nikapiga ngoma tu.

Eddo, nao walinyamaza. Wote. Ile nafasi ikabaki tupu, mdundo ukapita juu yake peke yake, kisha tukaendelea pamoja kwenye mstari wako.

Lala salama, shangazi yangu mkaidi. Jina hilo sikuliandika hata katika barua hii, kagua ukitaka. Nitawafundisha wanafunzi wangu wa nyimbo wimbo wako wote, na kunyamaza kwake. Na leo jioni nakwenda kisimani na ndoo yangu. Ya mwisho nitaimwaga horini, halafu nitaondoka bila kugeuka kutazama ni nani anayekuja kunywa.

Wako Nimo, mwandishi wa maneno yako