Profesa anataka niongeze moja moja

Mpendwa Mshauri, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo natakiwa kuweka sahihi na mkono hautaki. Mimi ni afisa tabibu huku kaskazini mwa Malawi, nilianza kwa kusukuma machela, nikajisomesha mwenyewe, sasa mwaka wa kumi na nne napasua watu katika hospitali ya wilaya, na mwaka huu nimeingizwa kwenye jopo la wakaguzi wanne wa kupima ubora wa mwongozo mpya wa upasuaji wa utumbo uliotobolewa na taifodi, mwongozo unaosema afisa tabibu asimguse mgonjwa huyo, ampeleke hospitali kuu ya Mzuzu, na kutoka kwetu masika ni mwendo wa saa tano barabarani. Mwaka jana niliwapasua thelathini na mmoja, wakafa sita. Tisa tuliwasafirisha kwa sababu dawa ya usingizi iliisha, wakafa wanne.

Sehemu inayonitesa ni ile ya ushahidi, maswali manane, kila mkaguzi anatoa alama kuanzia moja hadi saba. Nimesoma kurasa zote: waandishi hawasemi tafiti walizitafuta wapi, hawasemi zipi walizikataa na kwa nini, nikawapa kumi na sita kwa jumla. Wenzangu wawili walijaza wakiwa wamekaa na Profesa Kadewere, mwenyekiti wetu na mkaguzi wa nne, yeye akitaja yake kwanza kwa sauti, na ajabu gani, arobaini na moja, arobaini na moja, arobaini na mbili! Jumla 140, Profesa akagawanya kwa 224, akapata asilimia sitini na mbili na nusu, akasema umepita, maana tulikubaliana sitini. Nikamwambia, Profesa, hata wote tukiandika moja kila mahali tunapata thelathini na mbili za bure, fomu yenyewe inasema ziondolewe kwenye jumla yetu na kwenye ile 224, kwa hiyo ni 108 kati ya 192, hamsini na sita na robo, umeanguka.

Akacheka. "Haya jamani, leo machela inatufundisha hesabu!" Halafu akaweka kikombe cha chai mezani. "Sawa, Bwana Msukwa, tufuate hesabu yako. Ongeza moja moja kwenye maswali yako manane. Nane tu. Tunafika sitini, tunakwenda kula."

Sista Tamanda, mkaguzi mwenzetu, akaninong'oneza, "Kaka, moja haijawahi kumuua mtu. Na barua yako ya masomo nani ataiandika, mimi?"

Ni kweli, bila barua ya Profesa sipati nafasi ya shahada, na nina miaka arobaini na mitatu. Lakini mwongozo ukipita utabandikwa kila chumba cha upasuaji, na atakayepasua kinyume chake hana wa kumtetea. Waandishi hawa hawatujali, hata lile swali mojawapo ya manane, la mwongozo utarekebishwa lini, niliwapa moja, ingawa ukurasa wa sitini na moja wameandika watakaa tena baada ya miaka mitano, maana ukurasa huohuo ndipo nilipokuta orodha ya waandishi, maprofesa kumi na mmoja, afisa tabibu hata wa dawa hakuna. Je, niongeze nane nipate barua, au nikatae nibaki nilipo?

Msukwa

Bwana Msukwa,

Hesabu yako ni sahihi na Profesa amekosea. Mkaguzi anayesubiri kusikia alama ya mkubwa hakagui, anaitikia. Pole kwa maneno ya machela. Sasa kaa nikuambie na lako.

Swali la marekebisho uliwapa moja huku jibu umeliona kwa macho yako. Hiyo ni hasira, na hasira haina nafasi kwenye fomu. Tena mwongozo huu unakunyang'anya kisu, nawe ndiye unayeupima. Ulilitaja hilo kwa wenzako? Kwenye barua yako sijaliona. Angekuwa Profesa ndiye aliyenyamazia jambo kama hilo, ungeshamwandika gazetini.

Wafu wako nao usiwapeleke kwenye alama. Tisa ni wachache, na pengine hao walifika kwenu wakiwa mahututi zaidi. Waandikie waandishi wa mwongozo barua ya pembeni, na daftari la chumba cha upasuaji likiwa mkononi.

Leo fanya hivi. Andika chini ya fomu kwamba wewe ni afisa tabibu unayefanya upasuaji huo. Lile swali moja lirekebishe kwa haki. Hata ukiwapa saba kamili jumla ni 146, ukitoa thelathini na mbili ni 114 kati ya 192, hamsini na tisa na kidogo. Haki yao umewapa, na bado hawajafika. Kando ya kila alama andika namba ya ukurasa.

Barua ya masomo unaweza kuikosa, sitakudanganya. Anza sasa kumtafuta daktari mwingine aliyekuona ukifanya kazi.

Ijumaa Profesa akisema ongeza moja, mwulize kwa adabu, "Ukurasa wa ngapi, Profesa?" Akikuonyesha, ongeza palepale, wala usinune. Asipokuonyesha, weka sahihi kwenye fomu yako peke yake, umkabidhi, urudi kwa wagonjwa wako.