Kabla ya Kwenda kwa Jaji

Mjukuu wangu Keza,

Wengi hukosea wakidhani usuluhishi ni mahakama ndogo: wanaeleza ubaya wa mwenzao, wanasahau kusema wanataka nini.

Huku Gisenyi tu wazima, na mama yako ameanza kuvuna viazi. Unaniuliza kama, kwa kuwa umefukuzwa kazi, uende moja kwa moja mahakamani. Hata mimi bibi yako nilifukuzwa, nikiwa mpishi kijana katika hoteli ya hapa ziwani. Bosi alisema nimeiba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilitamani jaji amwaibishe, lakini kwanza tuliitwa kwa mkaguzi wa kazi atusuluhishe.

"Dada, ukitoka hapa unataka nini?" mkaguzi akaniuliza.

Nikamjibu: "Aseme mbele ya wenzangu wa jikoni kwamba mimi si mwizi."

Bosi akacheka. "Bon! Ni hiyo tu? Mwizi ni paka, tulimukamata juzi! Mi nilifikiri unataka hoteli yangu."

Kumbe naye alikuwa akiniogopa. Kesho yake alisema hivyo jikoni kwa sauti, nami nikarudi kwenye sufuria zangu.

Leo nenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya yako, umwambie unachotaka.