Gari la Avenue Yetu

Lundi, 4 avril
Nyumba saba leo. Swali ni lile lile: shirika likileta gari moja la umeme hapa mtaani, la kuchajiwa kwa jua kwenye uwanja wa parokia, mtakubali kulitumia kwa zamu? Wengi wanacheka. Papa mmoja kauliza, "Na mvua ya siku tatu, mutuka italala?" Nimeandika swali lake chini ya majina ya waliokubali. Mwalimu mzima, nimestaafu, nabisha hodi kama mchuuzi. Miguu inauma.

Mardi, 5 avril
Nimemkumbuka Papa, baba yangu, kutwa nzima. Kabla ya vita alikuwa na camionnette, pikapu ya pekee kwenye avenue. Yake kwa jina tu. Bibi harusi, mgonjwa, jeneza, wote walipanda. Jumamosi tulishuka Tchomia, ziwani, kuchukua samaki, naye akipakia kila aliyesimama njiani. Hakuna aliyeuliza mtu ni kabila gani. Nguo zangu zilinuka moshi wa gari hadi Jumapili. Natuonea wivu, sisi wa wakati ule.

Jeudi, 7 avril
Shefu, mkuu wa avenue, kaniita. Watu wa sehemu ya juu ya avenue wanalitaka gari. Ila wale wa chini, waliokimbia vita Djugu, nisiwaandike. "Hatuwajue, Madame." Nilinyamaza. Miaka yote darasani niliwaambia watoto wasinyamaze. Aibu tupu.

Vendredi, 8 avril
Nimeshuka. Mlango wa kwanza, Mama Lotsove, mjane, anachambua maharagi. Nilipomtaja Papa aliacha kazi. Kijiji chao kilikuwa kando ya barabara ya Tchomia. Camionnette waliijua kwa mlio wake; wakiusikia tu, walitoka mbio na makabichi yao. Kisha akauliza kuhusu hili gari jipya.
"Haina makelele?"
"Hapana, Mama."
"Basi iko muzuri. Siku moja itanifikisha ku shamba yangu, na hakuna mutu atasikia."
Nimemwandika. Nimewaandika wote wa chini. Nimepanda nikilia.

Dimanche, 10 avril
Mkutano baada ya misa. Nilisoma majina yote, ya juu na ya chini. Fujo. Shefu kasema nimemsaliti. Watu wakafuta majina yao mbele yangu, hata jirani niliyemfundisha kusoma. Karatasi nimeipeleka kwa shirika hivyo hivyo.

Mercredi, 20 avril
Jibu limefika. Gari linakwenda mtaa mwingine. Sisi hatuelewani, wamesema. Shefu anasema ni kosa langu. Labda. Sijutii. Nina uchungu tu.

Samedi, 23 avril
Mama Lotsove amepanda kwa miguu, mara yake ya kwanza huku juu. Kabeba miche ya vitunguu ndani ya kitenge. Hakuuliza habari ya gari. Nyuma ya nyumba yangu kuna kipande kitupu. Tulikilima mpaka saa sita. Shefu alipita, akatusalimia toka njiani, hakusimama. Tulinawa mikono kwenye beseni moja.