Kisima Ulichokifunga Alasiri

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini sijui kuanza nawe kwa njia nyingine.

Mwaka umepita tangu tukuzike, nami sijafika kaburini kwako hata mara moja. Mama anadhani ni uvivu. Si uvivu, Baba, ni kisima.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikifunga kila baada ya sala ya alasiri? Unaweka mfuniko wa mbao, unaukalia, unatafuna tambuu yako, na mwenye debe lake angoje mpaka alfajiri. "Kisima nacho hulala," ulikuwa ukisema. Likoni nzima ilikucheka, na mimi kuliko wote. Kisha vita vikaleta watu, wa bandarini na wa kambini, na foleni ya madebe ikafika barabarani. Nikakusihi tuchimbe zaidi. Ukanishusha kwa kamba mpaka kwenye lile jiwe jeupe ulilolipachika ukutani siku ulipokichimba, ukaniambia kutoka juu: "Hapo ndipo. Chini ya hapo si petu." Nikakujibu kwamba una choyo cha maji. Wiki ile ile homa ikakuchukua.

Sikungoja hata arubaini yako iishe. Nilishuka na mtaimbo, nikalipita jiwe lako kwa pima nzima. Maji yakajaa, watu wakanisifu, mfuniko wako nikaufanya kuni. Wallahi, nilikuona mjinga.

Kisha asubuhi moja Mama akaiweka chini chai yake. "Nani katia munyu humu?" Hakuna aliyetia, Baba. Bahari ilikuwa imepanda kutokea chini. Yale maji matamu yalikuwa yakielea tu juu yake, kidogo, nasi tuliyateka mpaka tukaifikia. Wewe ulilijua hilo, na mimi sikuwahi kukuuliza.

Sasa majirani wanatembea hadi kijiji cha Shika Adabu kuomba maji. Wakinipita hutazama madebe yao tu. Afadhali wangenitukana.

Nimeshusha mawe na udongo, nimeziba chote nilichochimba mpaka kwenye jiwe lako. Nimechonga mfuniko mpya, na alasiri naukalia mimi, ingawa hakuna anayekuja kuteka. Kila Ijumaa naonja. Bado yana munyu, ila si kama mwanzo, au labda ulimi wangu unanihurumia.

Tulipokuzika tulikumwagia juu ya kaburi maji ya kisima chako, matamu. Watoto wa wenzako huenda kwa baba zao na kata ya maji. Mimi nije na yapi?

Nisamehe lile neno la choyo. Maji yakirudi, inshallah, debe la kwanza ni lako, nitalibeba mwenyewe. Yasiporudi nikiwa hai, nitaletwa kwako nimebebwa, na mwanangu, niliyekwisha kumwonyesha jiwe lilipo, ndiye atakayetumwagia sote wawili.

Lala salama, Baba.

Mwanao, Athumani