Radhi ya Kwenda Kusomea Ngano

Shangazi Mize,

Tangu uzikwe kule Ole sijakuandikia, na hata ungekuwa hai, barua hii ungesomewa na mtu. Naiandika kwa sababu kuna jambo ambalo, kwa desturi ya nyumba yetu, lilikuwa lako kulifikisha kwa Baba. Safari hii nililifikisha mwenyewe, na nililifikisha vibaya.

Nimepata nafasi ya kusoma tena. Shahada niliyorudi nayo kutoka Kampala, ambayo mpaka leo imenipatia meza ya karani katika ofisi ya Mudiri, mtawala wa serikali kule Chake, nitaiongezea ya pili, Marekani. Masomo yenyewe ni kutunga visa, yaani ngano. Najua ungeuliza kama watu wazima husomea hilo. Husomea. Wameniandikia kwamba kila mwanafunzi hutunga kisa chake, wenziwe hukisoma mapema, kisha hukaa mezani wakakichambua mbele yake, naye haruhusiwi kusema neno mpaka wamalize. Nilipofika hapo niliirudia barua yao tangu mwanzo.

Wewe hukunyamaza hata siku moja. Nakukumbuka msimu wa karafuu, baada ya magharibi, sote tumelizunguka jamvi tunatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, nawe unasimulia bila kuinua macho. Bi Time, jirani yako, alikuwa hakupi nafasi.

"Muongo weye, Mize. Huyo mume jana ulimuua."

"Jana alizimia tu. Chambua."

Wanawake walicheka, mie nikakasirika kwa niaba yako. Nilidhani wanakuharibia. Sasa nadhani ulikuwa ukiwasikiliza ili ujue kisa kiende wapi. Sina hakika. Sikukuuliza ulipokuwapo.

Kosa langu lilikuwa hili. Mtumishi wa serikali hawezi kukubali masomo bila idhini ya mkubwa wake, na mie ni mtu wa kufuata utaratibu, kwa hiyo nilimwandikia Mudiri kwanza. Aliniita akaniuliza kama nitakwenda kuandika siasa. Nikasema hapana, akanipa idhini. Tarishi, mpeleka barua wa ofisi, alikuwa mlangoni na bahasha zake. Siku ya pili habari zilikuwa barazani Wawi, mahali Baba anapokunywa kahawa, na njiani zilikuwa zimeota mbawa: sasa nilikuwa napelekwa na chama cha siasa kufundishwa kuandika magazeti. Aliyempa Baba habari hizo ni muuza kahawa, huku akimmiminia.

Wewe uliondoka kabla mambo hayajafika yalipofika. Siku hizi mtu akifa, wapo wanaouliza kwanza marehemu alikuwa chama gani, ndipo waamue kama watakwenda kuzika. Katika siku kama hizi, mzee anaambiwa safari ya mwanawe na mtu wa birika, mbele ya watu.

Baba hakunigombeza. Aliitikia salamu yangu kwa kiasi cha faradhi tu, na sinia yake ya chakula ikaanza kupelekwa chumbani. Ungekuwapo ungemwita "ntoto weye", maana yeye ni mdogo wako, na jambo lingekwisha kabla ya isha. Radhi ya mzazi huombwa kabla mtu mwingine yeyote hajasikia. Hili nililijua. Niliona tu kwamba mtu mwangalifu huanzia ofisini.

Jibu langu kwa Marekani lilitakiwa liondoke na meli ijayo ya barua. Bila radhi nisingekwenda. Usinisifu kwa hilo. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuvuka bahari bila radhi, na mie si shujaa wa kuwa wa mwanzo.

Juzi magharibi nilimkuta peke yake ukumbini na jamvi la karafuu. Nikakaa upande wa pili nikaanza kuchambua. Nikamwomba msamaha. Alivuta fungu jingine la karafuu karibu yake. Kisha alisema, bila kunitazama, "Hebu nisikie hicho wanachokwenda kukufundisha."

Nikasimulia kile kisa chako cha mwanamke aliyemshitaki jirani yake kwa kumwibia usingizi. Nilifika hukumu ya kadhi upesi, nikaishia hapo. Baba akalitazama jamvi.

"Karafuu bado zipo," alisema.

Ndipo nikakumbuka kwamba kisa hicho hakikuwa na urefu mmoja. Karafuu zikiwa chache, kadhi wako alikata shauri papo hapo. Zikiwa nyingi, aliita mashahidi. Lakini mashahidi wako nilikuwa nimewasahau. Kwa hiyo nilisema kadhi aliamuru ule usingizi ulioibwa uletwe mahakamani, na yule jirani akamleta mumewe amebebwa juu ya kitanda, anakoroma, akasema, "Wote umeingia humu, Bwana Kadhi. Utoeni wenyewe."

Mkono wa Baba ulisimama.

"Hapo Mize hakupita."

"Hapo nimepita mie, Baba."

Alichambua konyo moja, akalitupa kando, kisha jingine. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kuinuka.

"Enhe?" alisema.

Nikaendelea mpaka jamvi likabaki tupu. Aliniuliza kama hicho ndicho watakachonipa shahada kwacho. Nikasema kama hicho. Akasema, "Makubwa." Kisha akainua mikono, akasoma Fatiha, nami nikaitikia amin. Radhi nimepewa, Shangazi. Jibu langu limo ndani ya meli.

Lakini alinipa na sharti. Alasiri ya leo nifuatane naye mpaka barazani, nikawaeleze kwa mdomo wangu ninakwenda kusomea nini. Nimejaribu kupanga maneno tangu asubuhi, na kila nikiyapanga namwona muuza kahawa ananitazama. Adhana imekwisha. Namsikia Baba anatafuta bakora yake. Sijui nitaanzaje.

Nakuacha hapa kwa sasa. Kabla sijapanda meli nitakuja Ole nikusomee Yasini, na mara hii, katika kuaga, nitaanzia kwako.

Mimi, mtoto wa ndugu yako, niliyeko hapa
Wawi