Shanga Nyeupe za Mwape

Nchelenge, Alhamisi, siku moja baada ya Noeli, 1974

Mvua imeanza kabla watu hawajaamka, na sasa ni saa tisa alasiri, bado inanyesha. Ziwa halionekani kabisa. Nimekaa mlangoni na daftari hili magotini, bukari ya jana, yaani ugali, imebaki kwenye sufuria, na hakuna aliyekuja kuiomba. Moyo wangu umevunjika, na aliyeuvunja ni mimi mwenyewe.

Ngoja niandike kwa utaratibu, maana kichwa changu leo hakina utaratibu wowote.

Katika nyumba hii zawadi za Noeli nanunua mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayevuka ziwa. Napeleka samaki wakavu Pweto, ng'ambo, upande wa Zaire, narudi na vitenge, sabuni na chumvi. Mume wangu Chanda huniambia kila mwaka, "Wewe njo unayua masoko," halafu anakwenda zake kwenye nyavu. Basi mwaka huu pia nilinunua mimi. Kwetu Zaire serikali imesema Noeli ni siku ya kazi, kwa hiyo wauzaji wa vitenge walikuwa na nyuso za msiba, na mimi nikapata vitu vizuri bila kugombana na mtu.

Kitenge cha mama mkwe wangu, BanaChanda, kilimpendeza barabara. Hakusubiri hata kukishona. Alijifunga juu ya gauni lake la kanisa, akatembea polepole mpaka kwenye benchi la mbele ili kila mama amwone. Tochi ya Chanda nayo ilipendwa. Aliiwasha mchana kweupe na kuchunguza meno ya mbwa.

Kwa baba mkwe nilikosea. Nilimletea tumbako nzuri ya kunusa, ile ya pakiti, nikasahau kwamba tangu Pasaka amekuwa mzee wa kanisa na hataki hata kuisikia. Aliipokea kwa vidole viwili, akasema "Natotela, mwanangu," yaani asante, akaisukuma nyuma ya mlango. Tulicheka mpaka machozi. Mwape ndiye aliyecheka kuliko wote.

Nilidhani hilo ndilo kosa langu la mwaka.

Mwape ni dada yake Chanda, wifi yangu. Nilipoolewa hapa nikitokea Likasi, sijui Kibemba, sijui kusafisha samaki, ndiye aliyenichukua. Wengine waliniita mwanamke wa ng'ambo. Yeye alinikalisha chini, akanipa kisu, akanifundisha kupasua samaki mgongoni bila kuharibu nyama. Kiswahili chake ni cha biashara, Kibemba changu ni cha kuombea maji, lakini tunaelewana kwa yote.

Mume wake, Musonda, alivuka ziwa mwezi wa nane kwenda kuuza samaki, kama alivyozoea. Hakurudi. Wiki ile upepo ulikuwa mbaya, na mtumbwi haukuonekana, wala kasia, wala mtu. Watu wakaanza kusema chinichini kwamba ziwa limemchukua. Mwape alikataa kulia. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona amelala maiti. Alihamia uani kwetu, akaendelea kumwekea Musonda shati lake safi juu ya kiti. Walikuwa wameoana miaka sita, hawakujaliwa mtoto, na alikuwa akisema watajaribu tena atakaporudi.

Sasa niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika hata humu.

Mwezi wa kumi na moja nilimwona Musonda. Mzima, amenenepa kidogo. Alikuwa Pweto, nyuma ya soko, juu ya ukuta wa nyumba mpya, anapaka udongo, na mwanamke mmoja chini anampa udongo kwa beseni. Aliponitambua alishuka, akanivuta pembeni.

"Mama Ilunga, usiambie mutu," aliniambia. "Kule Nchelenge miye nilikufa."

Nilirudi na chumvi yangu na sikumwambia mtu. Nilijidanganya kwamba namhurumia Mwape. Uongo. Nilikuwa napenda kuwa naye hapa. Tangu ahamie kwetu sikuwa mgeni tena. Tulipika pamoja, tulianika samaki pamoja, na kila jioni nilikuwa na mtu wa kucheka naye. Angejua ukweli, angeondoka kwenda kumtafuta, au angeanguka nisiweze kumwinua. Nikanyamaza mwezi mzima.

Na kwa kuwa dhamiri ilikuwa inaniuma, nilimtafutia Mwape zawadi nzuri kuliko zote. Shanga nyeupe, ndogo ndogo, safi kabisa. Kwetu Likasi wasichana huvaa shanga kama hizo siku ya komunyo ya kwanza, na hakuna kitu kinachonikumbusha furaha kama zile. Baada ya chakula jana, wote wakiwa wamekaa, kinywaji cha munkoyo kinazunguka, nilimwambia anyooshe mkono. Nikamfunga mwenyewe.

Alitazama mkono wake.

BanaChanda aliweka kikombe chini, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mayo!" akalia. "Mayo we!" Wanawake wa nyumba ya pili wakaja mbio, wakaona ule mkono, na wao wakaanza. Baba mkwe alivua kofia. Mwanangu Ilunga alikuwa anapuliza filimbi niliyomletea, na mtu akamnyang'anya. Mimi bado nimesimama pale natabasamu, nadhani labda wanalia kwa furaha.

Chanda ndiye aliyenishika bega na kuniambia sikioni. Hapa shanga nyeupe hufungwa mkononi mwa mjane. Mume akishazikwa na matanga yakishaisha, ndugu wa marehemu humfunga ili roho ya mume imwachilie, awe huru. Hazifungwi na mtu mwingine na hazifungwi kwa sababu nyingine. Nami nilikuwa nimetoka ng'ambo juzi tu. Wote walielewa jambo moja: maiti imeonekana upande wa Zaire, na mimi nimeshindwa kusema kwa mdomo, nimesema kwa mkono.

Miaka mitano nimeishi hapa na sijawahi kuuliza wajane huvaa nini.

Mwape alikuwa ameanza kulia. Miezi minne alikataa, na sasa alikuwa amelala chini kwenye mchanga, kitenge kimemfunguka, analia kwa sauti ambayo sijui ilikuwa imekaa wapi siku zote hizo. BanaChanda alikuwa amemkumbatia mgongo. Na ninakiri, kwa kitambo kidogo niliwaza kunyamaza. Musonda mwenyewe alisema amekufa. Wangemlilia, wangeita ndugu zake, wangemaliza desturi zao, na Mwape angekuwa huru kweli.

Lakini wangempelekea habari mama yake Musonda, aliye kijijini Kafutuma, kwamba mwanawe amekufa. Mama mzee angenyoa nywele kwa ajili ya mtu anayepaka udongo nyumba yake mpya. Sikuweza.

"Hakufa!" nilipiga kelele. "Musonda hakufa! Iko muzima!"

Mwape aliinua uso, mchanga umemshika shavuni.

"Umeyua namna gani?"

Nikasema. Pweto, ukuta, udongo, mwanamke mwenye beseni. Nilisema vibaya, haraka haraka, mbele ya majirani.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa kumi na moja."

Alihesabu. Najua alikuwa anahesabu jioni zote tulizokaa pamoja, na mara zote aliponiuliza kama huko sokoni sikusikia lolote. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, "Ungeniacha tu nilie, wifi. Nilikuwa nimeanza."

Aliingia ndani. BanaChanda alivua kile kitenge kipya, akakikunja vizuri, akakiweka miguuni pangu.

Hata ningekuwa na maadui wangapi kijijini hapa, nisingejali. Huyu mmoja ndiye niliyemhitaji.

Asubuhi hii, mvua ilipopungua kidogo, Mwape alikuja jikoni. Mkono wake ulikuwa mtupu. Macho yamevimba. Nilikuwa nasugua sufuria na nikaacha. Nilipiga magoti, nikaomba msamaha kwa Kibemba changu kibovu, na yeye akanishika kiwiko akaninyanyua. Nilidhani Mungu amenirehemu.

"Niambie kitu kimoja tu," alisema. "Ule mwanamuke, iko na mutoto yake? Ao iko na mimba?"

Nilimtazama usoni. Uso ule ulikuwa unaniomba. Sijawahi kuombwa kwa namna ile na mtu yeyote.

"Hapana," nikamwambia. "Sikuona kitu."

Alifumba macho. Akapumua kwa nguvu, mabega yakashuka. "Njo vile," akasema. "Basi hakuna kitu kinamufunga kule. Atarudia."

Yule mwanamke wa Pweto alikuwa na tumbo la miezi mitano au sita. Alikuwa anainua beseni kwa shida, na Musonda alikuwa akimwambia apumzike, kwa sauti ya upole ambayo Mwape huniambia aliipenda tangu siku ya kwanza.

Nimemdanganya tena. Siku moja tu baada ya yote haya, huku naomba msamaha, nimemdanganya tena, na safari hii sina hata kisingizio cha upweke wangu. Sikuwa na nguvu ya kumuumiza mara mbili.

Sasa hivi namsikia upande wa pili wa ukuta. Anaongea na Chanda. Anamwomba nafasi katika mtumbwi wa Jumamosi. Anasema atavuka kumchukua mume wake, na sauti yake ina uhai ambao sijausikia tangu mwezi wa nane. Tangu mchana ameshaanza kusuka nywele.

Chanda amekubali.

Leo ni Alhamisi. Nimebakiwa na kesho tu. Je, nitafungua mdomo huu, au nitamwacha apande mtumbwi akalione tumbo lile kwa macho yake?