Sauti Ambayo Mama Hakuitambua

Jumapili, 8 Machi 1998
Barua ya dada imefika kutoka Mwingi. Walimchezea mama ile kaseti niliyotuma Krismasi. Macho yake yamekwisha kabisa, amebaki na masikio. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani huyo anayegombana. "Huyo si mwanangu." Miaka minne hapa Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu – na sasa mimi ni mgeni kwake. Dada anasema mama hali chakula vizuri siku hizi.

Jumatatu, 9 Machi
Nimemwambia Werema, mwenzangu wa kinu cha kusaga mawe. Amecheka. Anasema kwa kelele zile, sisi wa kinuni tunabweka tu. Akienda kwao, mkewe humtoa nje kwanza kabla hajaomba chumvi. Nilicheka pia. Jioni sikula.

Jumatano, 11 Machi
Mvua. Shimo limejaa maji, kinu kimezimwa. Nimeshuka Migori kwa Issack, muuza redio. Ile kaseti nilirekodi mwenyewe kambini, mdomo umegusa maiki. Alijua mara moja: sauti ilipasuka. Sasa ana mashine mpya ya kurekodi kwenye kisahani, nduguye alimletea kutoka Dubai. Ina taa ndogo ndogo mstari mmoja, zinawaka kadiri sauti inavyopanda, nyekundu mwisho. Anasema kaseti huvumilia kidogo ukizidisha. Hii haivumilii. Ukifika nyekundu inakata kichwa cha sauti, na kilichokatwa hakirudi. Atarekodi humo, kisha anihamishie kwenye kaseti. Ijumaa lori la Abdirahim linaenda Garissa, litapita Mwingi. Lingine, na barabara hizi zilivyoharibika, sijui lini.

Ijumaa, 13 Machi
Tulianza saa nne. Issack alitaka nijaribu sauti. Nikasema moja, mbili, tatu, kwa adabu, maana dukani kuna mkewe Fardowsa na wateja. Akapanga kiasi cha sauti kwa hiyo. Salamu zikaenda vizuri – nilipofika kwa mama nikapaza. Nyekundu! Alinisikilizisha. Kama bati linachanika.

Nikarudia nikijibana, karibu kunong'ona. Taa haikuwaka. Nikavaa vile vya kusikilizia masikioni: safi kabisa. Lakini ni nani huyo? Karani anasoma majina. Hata mimi sikumjua.

Issack akafuta. "Mkamba, usijipunguze wewe. Mashine ndiyo inayopunguzwa. Nipe kwanza ile sauti yako kubwa kuliko zote, nipime kwa hiyo."

Kubwa kuliko zote ni ile ya mtoni. Nilikuwa nikifikisha mbuzi ng'ambo, namwita mama aliye juu kilimani ajue nimevuka salama. Sijaita hivyo tangu nitoke nyumbani. Sijui kama bado ipo. Nimeomba dakika moja, naandika hapa kwenye kaunta. Wateja wananitazama. Fardowsa amezima feni, amerudisha mlango wa barabarani bila kuambiwa. Abdirahim ameshawasha lori. Issack ameshika kitufe cha kiasi, amekizungusha chini kabisa, ananingoja.

Naweka kalamu.